Kiasi Tunacho, Asili Hatuna: Kuhesabu Polisi Wanapokutana na Wagonjwa wa Akili

Kama unafuatilia habari za Marekani, lazima umewahi kukutana na namba 16. Inasema hivi: hatari ya mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa akili usiotibiwa kuuawa anapokabiliwa au kusimamishwa na polisi ni mara 16 ya hatari ya raia mwingine. Ilitolewa Desemba 2015 na shirika la Treatment Advocacy Center, na tangu hapo imezunguka magazetini, kwenye hotuba, mitandaoni, hadi kwenye slaidi za semina zetu. Wenzangu kadhaa wameniuliza imepatikanaje. Swali zuri, kwa sababu ukiifungua namba hii unakuta ndani yake karibu kila tatizo la kuhesabu jambo la aina hii. Na unakuta kitu kingine ambacho binafsi naona ni kikubwa zaidi: ukibadilisha unachogawanyia, unabadilisha pia dawa utakayoiandika.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Chukua watu wazima 100 wa Marekani. Kwa makadirio ya ripoti ile, wenye ugonjwa mkubwa wa akili (skizofrenia, baipola kali na mengine ya uzito huo) ambao hawako kwenye matibabu hawafiki 2. Tuseme 2, waliobaki ni 98. Sasa chukua vifo 100 vilivyotokana na risasi za polisi. Ripoti inakadiria kwamba angalau 25 kati ya hivyo ni vya watu wa kundi lile dogo. Gawanya 25 kwa 2, unapata 12.5. Vifo 75 vilivyobaki gawanya kwa 98, unapata 0.77. Halafu 12.5 gawanya kwa 0.77. Jibu: 16. Imeisha hiyo.

Kwa lugha ya sehemu tuliyofundishwa shule ya msingi, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Hapa kiasi ni vifo na asili ni watu. Tuviangalie kimoja kimoja.

Namba ya juu

Hiyo 25 imetoka wapi? Hapa ndipo mambo yanapoanza kushangaza, maana mwaka ule serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa haijui polisi wake wanaua watu wangapi. Nchi ile ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000, kuanzia jeshi la polisi la New York lenye makumi ya maelfu ya askari hadi vituo vya vijijini vyenye askari watatu. Kupeleka hesabu za mauaji FBI ilikuwa hiari. Anayetaka anapeleka, asiyetaka anakaa kimya. Kwa hiyo kila mwaka FBI ilitangaza vifo 400 na kitu.

Waliohesabu vizuri zaidi ni waandishi wa habari. D. Brian Burghart, mhariri wa gazeti moja la mji wa Reno, Nevada, alianza mwaka 2012 kukusanya taarifa za vifo mikononi mwa polisi na kuziweka kwenye kanzidata aliyoiita Fatal Encounters. Baada ya vurugu za Ferguson, Missouri, mwaka 2014, gazeti la Washington Post likaanza Januari 2015 kuhesabu kila mtu aliyeuawa kwa risasi ya askari aliye kazini. Mwaka ulipoisha walikuwa na watu karibu 1,000, yaani zaidi ya mara mbili ya hesabu ya serikali. Miaka iliyofuata ikawa hivyo hivyo, karibu 1,000 kila mwaka. Gazeti la Guardian la Uingereza nalo lilihesabu mwaka 2015 na 2016, lakini lenyewe halikuishia kwenye risasi. Liliingiza waliopigwa shoti ya umeme, waliogongwa na magari ya polisi na waliofia mahabusu, likapata zaidi ya 1,100 kwa mwaka 2015.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walizichukua kanzidata hizo na kuzilinganisha na vyeti vya vifo vya taifa. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet, yanasema kwamba kati ya mwaka 1980 na 2018 vifo vinavyokadiriwa kufikia 17,100 vilivyosababishwa na polisi havikuonekana kama vifo vya polisi kwenye takwimu rasmi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya vifo vyote vya aina hiyo. Sababu mojawapo ni ndogo mno ukiifikiria: anayejaza cheti cha kifo anaandika "risasi" bila kutaja risasi ni ya nani, na mashine inayopanga misimbo inakihesabu kama mauaji ya kawaida.

Sasa juu ya hesabu hiyo ya vifo, unatakiwa uweke alama: huyu alikuwa mgonjwa wa akili, huyu hakuwa. Nani anaiweka?

Washington Post hawakusema "mgonjwa wa akili". Walisema alikuwa na dalili za ugonjwa wa akili, kwa kutegemea taarifa za polisi, ndugu na magazeti. Mwaka wa kwanza walikuta dalili hizo kwa takriban robo ya waliouawa. Ukijumlisha na miaka iliyofuata, inashuka hadi kama mmoja kati ya watano. Hebu rudia hesabu yetu kwa 20 badala ya 25: 20 kwa 2 ni 10, 80 kwa 98 ni 0.82, jibu ni 12. Ile 16 maarufu imekuwa 12 bila mtu yeyote kupona au kuugua. Ni alama tu imehama.

Tena dalili si ugonjwa. Sisi wenyewe kwa Kiswahili tunasema "amerukwa na akili" kwa mtu mwenye malaria iliyopanda kichwani, kwa aliyevuta kitu, kwa mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka ghafla, na kwa mama aliyefiwa na mtoto juzi. Askari anayefika na gari usiku hana kipimo kinachotenganisha hawa wote. Anaona mtu anayepiga kelele, hasikii amri, ana kitu mkononi.

Kuna tukio moja linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Septemba 2016, huko El Cajon, California, polisi walimpiga risasi mwanaume wa miaka 38 aliyezaliwa Uganda na kuingia Marekani kama mkimbizi. Dada yake ndiye aliyepiga simu 911, akisema ndugu yake hayuko sawa na anahitaji msaada. Eneo lile lilikuwa na utaratibu wa askari kuongozana na mtaalamu wa afya ya akili, lakini siku hiyo mtaalamu alikuwa kwenye simu nyingine. Kilichokuwa mkononi mwa yule mtu ni kifaa cha sigara ya kielektroniki. Baadaye mama yake alieleza kwamba mwanawe alikuwa amevurugwa na kifo cha rafiki yake wa karibu. Sasa niambie, wewe ndiye unajaza jedwali: safu ya ugonjwa wa akili unaandika ndiyo au hapana? Simu iliingia kama ya mtu mwenye tatizo la akili. Familia inasema ni huzuni. Ukiandika "ndiyo", unawabandikia jina ambalo huenda wanalikataa. Ukiandika "hapana", unalifuta tukio kutoka kwenye hesabu ambayo ingesaidia kulielewa. Mimi ningeandika "ndiyo", lakini kwenye safu yenye jina jingine: jinsi simu ilivyopokelewa. Kujua alichoambiwa askari kabla ya kufika kuna faida yake, hata kama ugonjwa hautajulikana milele.

Na kuna wale ambao orodha za risasi haziwaoni kabisa. Machi 2020, mjini Rochester, jimbo la New York, kaka wa mtu mmoja aliita msaada kwa sababu ndugu yake alikuwa amechanganyikiwa na ametoka nje kwenye baridi. Askari walimfunga pingu, wakamvika mfuko wa kuzuia mate kichwani, wakamkandamiza chini. Akazimia, na wiki moja baadaye akafariki. Hakuna risasi iliyopigwa, kwa hiyo kwenye kanzidata ya Washington Post hayumo.

Namba ya chini

Kiasi kina matatizo, lakini angalau kuna watu wanakihangaikia. Asili ndiyo yatima.

Angalia tena maneno ya ile ripoti: "anapokabiliwa au kusimamishwa na polisi". Msomaji wa kawaida anasikia kwamba polisi wakikutana na mgonjwa mmoja na mtu mzima wa afya mmoja, mgonjwa ana hatari mara 16. Lakini sisi hapo juu tuligawanya kwa watu wote, sio kwa waliokutana na polisi. Hayo ni maswali mawili tofauti.

Ili kujibu swali la pili unahitaji kujua polisi wanakutana na wagonjwa wa akili mara ngapi kwa jumla, pamoja na zile mara nyingi ambazo hakuna kilichotokea: askari alifika, wakaongea, mtu akapelekwa hospitali au akarudi ndani kulala. Matukio haya yanayoisha salama hayaandikwi na gazeti lolote.

Wizara ya Sheria ya Marekani hufanya utafiti wa kaya kuuliza watu kama wamekutana na polisi. Mwaka 2018 walipata watu milioni 61.5 wenye umri wa miaka 16 na kuendelea waliokutana nao angalau mara moja. Ni asili nzuri, isipokuwa inapatikana kwa kuhoji watu majumbani. Anayelala chini ya daraja hahojiwi. Aliye gerezani hahojiwi. Aliyelazwa wodi ya akili hahojiwi. Yaani wale hasa tunaowatafuta ndio walioachwa nje ya mlango.

Njia nyingine ni kumbukumbu za simu za 911. Tatizo ni kwamba mpokea simu huiandika kulingana na anachosikia, na mpigaji mara nyingi ni jirani au mwenye duka, hataji ugonjwa. Anasema kuna mtu anazurura. Kuna mtu anagonga milango. Njooni mmwangalie mama hapa, hajatoka ndani siku tatu. Kila moja inaingia na msimbo wake, na ule wa afya ya akili unabaki na simu chache tu.

Jimbo la California limejaribu njia ngumu zaidi, na naiheshimu. Sheria yao ya mwaka 2015 inamtaka askari ajaze taarifa ya kila mtu anayemsimamisha, na moja ya vipengele ni kama alimwona mtu huyo ana ulemavu, ikiwemo hali ya afya ya akili. Walianza mwaka 2018 na vyombo vinane vikubwa, vingine vikafuata kwa awamu. Hapo mwishowe tuna asili: mamilioni ya matukio, yaliyoisha vizuri na vibaya. Ila ukifungua majedwali ya miaka ya mwanzo, walioandikwa kuwa na ulemavu wa aina yoyote wanakaribia mtu mmoja kati ya mia. Wakati huohuo tunajua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano nchini Marekani anapitia tatizo fulani la afya ya akili ndani ya mwaka. Wengi wao hawaonyeshi chochote kwa macho, sawa, lakini pengo hilo linakuambia fomu inapima kitu gani. Inapima alichoona askari.

Sasa ukichukua kiasi cha gazeti na kukigawanya kwa asili ya California, umepima mchele kwa kisado na kuugawa kwa kikombe. Mtu akifa, waandishi wanahoji mama, jirani, daktari, wanasoma rekodi za hospitali. Asipokufa, kuna askari mmoja anayeweka tiki kabla zamu haijaisha. Ugonjwa wa marehemu una nafasi kubwa zaidi ya kugunduliwa kuliko ugonjwa wa aliyerudi nyumbani. Hilo peke yake linaweza kuipandisha hatari hata kama haipo.

Kwa hiyo 16 ni uongo?

Hapana. Nadhani mwelekeo wake ni sahihi kabisa. Ila inaficha mambo mawili ndani ya namba moja, na tunaweza kuyatenganisha kwa kutumia makadirio mengine yaliyomo kwenye ripoti ileile. Inasema wagonjwa wasiotibiwa wanahusika na angalau simu moja kati ya 10 zinazoitikiwa na polisi. Tuichukue hiyo 10 kama makadirio tu, tukijua udhaifu wake.

Kati ya simu 100, basi, 10 ni za kundi la watu 2, na 90 ni za kundi la watu 98. Gawanya 10 kwa 2, unapata 5. Gawanya 90 kwa 98, unapata 0.92. Uwiano ni 5.4. Hiyo ni hatari ya kukutana na polisi. Kisha vifo kwa kila simu: 25 kwa 10 ni 2.5, na 75 kwa 90 ni 0.83. Uwiano ni 3. Hiyo ni hatari ukishakutana nao. Zidisha 5.4 kwa 3 na utairudisha 16 yako.

Mimi hesabu hii ilinikalisha kimya kidogo. Tunapoambiwa 16, akili inakimbilia kwa askari: hana mafunzo, ana haraka, anaogopa. Hiyo ipo, ni ile 3, na si ndogo, kwani hatari mara tatu kwa kila simu ni jambo zito. Lakini sehemu kubwa zaidi iko kwenye 5.4, kabla askari hajawasha gari. Iko kwenye ukweli kwamba mtu akizidiwa saa nane za usiku, namba inayopokelewa ni ya polisi.

Kila namba ina dawa yake. Ile 3 ndiyo iliyolengwa na mji wa Memphis mwaka 1988, baada ya polisi kumuua kijana mwenye ugonjwa wa akili mwaka uliotangulia. Walianzisha kikosi cha askari wa kujitolea wanaopewa mafunzo ya saa 40: kutambua dalili, kuongea taratibu, kujua hospitali ipi inapokea. Mtindo huo, unaojulikana kama CIT, umeenea sana. Tafiti zinaonyesha askari wanatoka na uelewa na mtazamo bora. Kuhusu kupunguza vifo, ushahidi ni mwembamba, na sababu mojawapo mnaijua sasa: miji mingi haina asili ya kupimia.

Ile 5.4 inatibiwa kwa kutompeleka askari kabisa. Juni 2020 mji wa Denver ulianza kutuma gari lenye mhudumu wa afya na mtaalamu wa afya ya akili kwa baadhi ya simu za 911. Katika miezi sita ya kwanza walienda kwenye simu 748, na hakuna hata moja iliyoishia kwa mtu kukamatwa. Watafiti Thomas Dee na Jaymes Pyne walichapisha mwaka 2022 kwamba taarifa za makosa madogomadogo katika maeneo yaliyohudumiwa zilishuka kwa asilimia 34. Waliweza kupima kwa sababu Denver iliamua mapema ni misimbo ipi ya simu itaenda kwa gari lile, kwa hiyo asili yao ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Mnaopanga tafiti, naomba mlisome hilo mara mbili.

Kwa ndugu zetu walioko huko wenye mtu wa kumhofia nyumbani: tangu Julai 2022 kuna namba 988 kwa dharura za akili nchi nzima. Na ukilazimika kupiga 911, sema wazi ni dharura ya afya ya akili, sema kama hana silaha, na omba askari mwenye mafunzo ya CIT. Maneno hayo ndiyo yanayobeba msimbo, na msimbo ndio unaoamua nani anakuja.

Kuhesabu tukio, kuhesabu mtu

Uingereza na Wales zina jambo ambalo Marekani haina: kitendo kimoja cha kisheria kinachohesabika. Kifungu cha 136 cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 kinamruhusu askari kumchukua mtu anayeonekana kuwa na tatizo la akili na kumpeleka mahali pa usalama. Askari akikitumia, anaandika. Hutumika makumi ya maelfu ya mara kwa mwaka. Zamani "mahali pa usalama" mara nyingi ilimaanisha selo ya polisi: mwaka 2013/14 ilitokea zaidi ya mara 6,000. Namba ilipokuwa inatangazwa kila mwaka, ikawa aibu. Mwaka 2017 sheria ikabadilishwa, selo zikapigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18 na kubanwa kwa watu wazima, na ndani ya miaka michache waliopelekwa selo wakawa chini ya asilimia moja. Hesabu hiyo haimwoni mtu ambaye askari alizungumza naye akamwacha, lakini inachokiona inakiona sawasawa.

Ila kumbukumbu ina upande mwingine. Kanada, polisi wa Toronto walikuwa na mfumo unaoingiza moja kwa moja taarifa za waliojaribu kujiua kwenye kanzidata ya polisi ya taifa. Nia ilikuwa njema: askari atakayekutana na mtu huyo baadaye ajue. Kumbe kanzidata ile ilikuwa inasomwa pia na maofisa wa mpaka wa Marekani. Watu ambao hawajawahi kufanya kosa lolote wakajikuta wanarudishwa mpakani kwa sababu miaka iliyopita familia zao ziliita gari la wagonjwa. Mwaka 2014 kamishna wa faragha wa jimbo la Ontario alitoa ripoti kali juu ya jambo hilo, akitaka taarifa za namna hiyo zisiingizwe zenyewe tu bila mtu kupima kama kuna haja.

Tofauti ni kwamba Denver na Uingereza walihesabu tukio, Toronto waliandika jina. Kwa swali letu la kiasi na asili, jina halihitajiki hata kidogo. Unahitaji simu iliingiaje, nani alitumwa, alikuta nini, iliishaje, na saa. Safu tano. FBI, ambayo tangu Januari 2019 inakusanya taarifa za matumizi ya nguvu kutoka vyombo vinavyokubali kutuma, ina kipengele cha hali ya akili kwenye fomu yake, lakini fomu hiyo hujazwa tu pale mtu anapokufa, anapoumia vibaya, au risasi inapopigwa. Simu zilizoisha salama bado hazina pa kuandikwa.